Moto wa Chini Bondeni Nanjedya

Mguu ndio uliompa habari. Jumatatu alfajiri Lois alishuka bondeni Nanjedya kuteka maji, pekupeku kama kawaida yake, maana tope la bonde lile halimwachii mtu ndala. Hatua kama thelathini kabla ya kisima akakanyaga udongo wenye joto, joto la kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Akarudi nyuma, akakanyaga tena. Joto lile lile. Akainama, akaona uzi wa moshi ukitoka ardhini, pasipo jani wala kijiti cha kuungua.

Hakuhitaji kuuliza. Jumamosi vijana wa kijiji walichoma majani upande ule ili pawe pasafi. Ijumaa wageni wangekuja kutoka Masasi na Mtwara kwa Siku ya Bonde, sherehe ya korongo, fisi maji na viumbe wote wa ardhi ya majimaji, na mgeni akija lazima pafagiliwe. Majani yaliwaka saa moja, yakazimika, watu wakaenda zao. Lakini udongo wa Nanjedya si udongo wa shamba la mikorosho. Ni mweusi, mwepesi, umejaa mizizi iliyooza tangu enzi za mababu. Ukikauka mwezi wa tisa hushika moto kama mkaa, na moto wenyewe hutembea chini kwa chini, bila haraka, bila kelele. Kisima cha kwao mama yake, chini ya ukingo wa Newala, kilikwenda hivyo hivyo. Udongo uliungua ukawa majivu, mvua ikaja ikayazoa, na maji hayakuonekana tena. Nanjedya napo kisima ni hicho kimoja.

Akasali pale pale, kisha akapanda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alimkuta Dadi akisimamia watu wanaopaka mawe chokaa kando ya njia ya wageni.

"Mwenyekiti, moto haujazimika."

"Moto upi, Mama Nathanaeli?"

"Wa Jumamosi. Umeingia chini, unakwenda kisimani."

"Ukiingia chini si umezikwa? Umeona wapi maiti akafufuka?"

"Nimeona kwenye Injili," Lois akamjibu. "Tena siku ya tatu, na siku ya tatu ndiyo leo."

Wapaka chokaa wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomharibia, kwa kuwa Dadi aliona amechezewa mbele ya watu.

"Haya, mama. Tutaangalia baada ya sherehe. Usinitie mkosi."

Jumanne na Jumatano Lois alimwaga maji yeye na jirani yake Selestina, ndoo juu ya ndoo, mpaka mabega yakafa ganzi. Udongo ulikunywa, ukatoa mvuke, ukanyamaza. Asubuhi moshi ulikuwa umetokea mbele zaidi.

"Mwenzangu," Selestina akasema, mkono kiunoni, "hapa tunamnywesha tembo kwa kijiko."

Alhamisi zilibaki hatua kumi na nane moto ufike kisimani. Siku hiyo hiyo mgambo akaja na agizo la mwenyekiti: wasimwage maji tena, wanatia tope mahali atakapopita mgeni rasmi na viatu vyake. Lois akatua ndoo. Usiku, kwenye sala, alimwomba Mungu amzuie ulimi, akaona hata maombi yenyewe yametoka kwa hasira.

Ijumaa bonde likajaa. Turubai, spika, watoto wa shule wenye mabawa ya maboksi wakicheza ngoma ya korongo. Korongo wenyewe hawakuwapo; tangu majani yachomwe hakuna aliyewaona kwenye matete yao. Kijana mtaalamu aitwaye Trevor, aliyetoka Mtwara na darubini shingoni, akashika kipaza sauti kueleza kwamba udongo ule mweusi ni hazina, unatunza maji kama sponji.

Lois, ndani ya sare yake ya Umoja wa Mama wa kanisani, akanyoosha mkono.

"Maswali mwisho, mama yangu!" akasema mshereheshaji.

Akanyoosha tena, akasimama kabisa.

"Mama huyu furaha imemzidi! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Watu mia mbili walimpigia makofi, na nyuma yao moshi ulikuwa unapanda. Lois hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Selestina, akarudi na jembe, akaanza kuchimba mtaro kati ya moshi na kisima.

"Na kule," spika zikanguruma, "mnawaona akina mama wetu wakituonyesha kilimo cha asili!"

Mgeni rasmi akampungia mkono. Selestina akaja na jembe la pili, akicheka na kutukana kwa Kimakonde kwa zamu. Punde Trevor naye akafika, simu mkononi.

"Shikamoo mama. Endelea tu, usiniangalie, napiga picha."

"Marahaba. Vua kiatu."

"Mama?"

"Vua kiatu, mwanangu, uweke mguu hapa."

Akavua, akakanyaga, akauondoa mguu upesi kama aliyekanyaga siafu. Simu akaitia mfukoni.

"Moto huu umeanza lini?"

"Jumamosi. Mwenyekiti anajua tangu Jumatatu."

Trevor alikimbia mguu mmoja peku hadi kwenye turubai. Lois alimwona akiinama sikioni kwa Dadi, akamwona Dadi akionyesha masufuria. Kijana akarudi peke yake, amekunja suruali.

"Wanasema baada ya pilau," alisema bila kumtazama. "Tuchimbe mpaka tukute udongo wa mfinyanzi. Moto hauli mfinyanzi."

Wakachimba watatu. Pilau lilikuwa bado kwenye sahani ardhi ilipotoa mguno, na kichaka cha matete cha korongo kikazama chote mara moja, mabua yakilala juu ya mabua, majivu yakapanda hadi juu ya turubai. Watoto walipiga mayowe. Madereva waliwasha magari kabla hawajaitwa, na mgeni rasmi hakumalizia kuaga.

Hapo ndipo wanaume walipoteremka na majembe, Dadi mbele, shati jeupe limeingia madoa ya majivu.

"Mama Nathanaeli," alisema, sauti imepungua, "tuanzie wapi?"

Lois alikuwa na maneno ya siku tano. Alimtazama Dadi, akayatazama matete yaliyolala, na moshi uliobakiza hatua tisa kufika kisimani.

"Jumatatu ningekuonyesha kwa kidole, kazi ya watu wawili," akasema. "Leo, mwenyekiti, chimba popote ulipo."

Dadi akachimba. Hakuna aliyecheka.