Sisimizi wa Mama Katungu

Kilichobaki kutafutwa kilikuwa damu ya mtu mwenye afya. Mashine mpya ilikwisha kufungwa katika maabara ya hospitali moja pale Makiso, mjini Kisangani, na Hilaire, fundi aliyetoka Kinshasa kuja kuwafundisha kuitumia, alitaka damu isiyo na ugonjwa ya kuijaribia. Wivine, aliyepima damu za watu katika chumba kile kwa miaka mingi, akapandisha mkono wa blauzi huku akicheka.

« Chukua yangu, Monsieur Hilaire. Miye sina hata malaria. »

Waliosema mganga hajigangi hawakukosea. Wivine alikuwa ametoboa vidole vya nusu ya mji, lakini chake mwenyewe hakuwahi kukitoboa.

Mashine ikaanza kuvuma. Walipokuwa wakisubiri, Hilaire akaeleza. Ile protini inayoipa damu wekundu wake, alisema, ikikaa na sukari nyingi, sukari hujibandika juu yake, na ikishajibandika vizuri haitoki tena mpaka chembe ya damu yenyewe ife. Mtu anaweza kushinda njaa siku moja ili sukari yake ionekane nzuri kwa daktari, lakini damu yake inakumbuka miezi iliyopita. Basi mashine huipitisha damu hiyo katika mrija mwembamba. Protini iliyobandikwa sukari haishiki sana mle ndani, hutangulia kutoka, na ile safi hufuata nyuma.

« Na nani iko anaibandika? » Wivine akauliza, kwa utani tu.

« Hakuna mutu. Iko inajibandika yenyewe. Hakuna mwenye kuituma. »

Utani ukamkauka mdomoni. Neno hilo la kutuma lilikuwa na kisa chake nyumbani kwake. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na ya pili ilipotoka alisema waziwazi kwamba huo ni ugonjwa wa kutumwa na mchawi. Mtumaji naye alimpata upesi: Mama Katungu, mama mkwe wake, muuza maharage aliyekuja kutoka Butembo kukaa nao. Asubuhi moja Wivine alimfumania ameinama, anamwaga majivu kuizunguka ndoo ambayo yeye Wivine alikojolea usiku.

« Niko nafukuza sisimizi, mama, » bibi alisema, macho chini, kwa aibu ya mtu aliyekutwa akigusa ya ndani ya mkwe.

« Sisimizi! Wanafuata nini mu mikojo? »

Majirani wakaja juu, wakisema bibi anamroga mkwe wake. Clovis, mume wa Wivine, akatazama ukuta na hakumtetea mama yake. Bibi akapanda toleka akiwa amepakata sufuria yake, baiskeli ikampeleka kwenye maegesho ya malori, na tangu siku ile anaishi kwa binti yake, katika mji wa Bafwasende. Wivine alilala vizuri kabisa usiku ule, na hili ndilo linaloudhi zaidi.

Mashine ikanyamaza. Kwenye kioo ukatokea mchoro wa vilima, na kilima cha sukari kilikuwa kirefu kuliko inavyopasa. Hilaire akakohoa. Mtu mwenye afya hafiki asilimia sita. Mbele yao ilisomeka kumi.

« Mashine yako iko na kosa, » Wivine akasema haraka.

Hilaire hakubishana. Akajitoa damu yake mwenyewe, akaiweka, wakangoja. Ikaja tano. Akairudisha ya Wivine, na kumi ikarudi palepale.

Wivine akaitazama chupa yake kubwa ya maji pale mezani. Aliijaza mara ngapi kwa siku, akilaumu jua? Mkono wake ukaenda wenyewe tumboni. Mle ndani mlikuwa na mimba ya tatu, changa, na hata Clovis alikuwa hajaambiwa.

« Sukari hii inaweza kuharibu mimba? » Sauti ilikuwa yake, lakini hakuitambua.

« Inaweza. Sisemi ni yenyewe ilifanya, inaweza tu. » Hilaire aliuona ule mkono tumboni, akaelewa. « Ikitunzwa mapema, mutoto anazaliwa muzuri. Donc basi, enda kwa docteur leo, usingoje kesho. »

Lakini Wivine hakuwa akimsikia tena. Hakuhitaji fundi wa Kinshasa amwambie sukari iliyozidi mwilini hutoka kwa njia gani. Alijua tangu shuleni. Kila wiki alichovya vijiti katika mikojo ya watu na kuwasomea majibu bila kupepesa macho. Sukari hupita kwenye mkojo, na penye sukari sisimizi watakuja. Yeye, mpimaji mwenye diploma ukutani, ndiye aliyemuuliza bibi wa watu sisimizi wanafuata nini!

Akakaa sakafuni na kupiga simu Bafwasende.

« Allô? Ni nani? »

« Ni Wivine, Mama. »

Wivine hakungoja salamu.

« Mama, wale sisimizi walikuwa wa kweli. »

« Nilikuambia. »

« Uliniambia, Mama. Ni miye niko na sukari mu damu. Hakuna mutu alituma kitu. Nilikuonea, nikakufukuza, na niko na mimba ingine, na niko naogopa. »

Bibi akavuta pumzi. Hakusema amesamehe.

« Na Clovis, mutoto nilizaa miye mwenyewe, alinyamaza. »

« Alinyamaza, Mama. »

Lori lilipiga honi huko Bafwasende, likapita. Kisha ile sauti ikarudi, chini zaidi.

« Sasa wale sisimizi, wangali wanakuja? »

Asubuhi ileile Wivine alikuwa ameuruka mstari wao mlangoni, bila hata kuutazama.

« Wangali wanakuja. »

« Na majivu, nani iko anakuwekea? »

Wivine akalia kwa sauti, palepale sakafuni, mbele ya Hilaire na mashine yake.