Mtani Aliyelala Kaburini

Usingizi unamchukua Venansi Kihwele mchana kweupe, nyuma ya nyumba ya msiba wa mtu asiyemjua, akiwa ameegemea ukuta uliopata jua, kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, bado mkononi. Hakuja kulia. Yeye na dada yake Eufrasia wamekuja kama wanavyokwenda kwenye misiba yote ya upande huu wa milima tangu walipostaafu, kwa sababu msibani ndipo wazee wa ukoo wanapokutana na kusahihishana, huyu akisema marehemu ni mjukuu wa fulani, yule akisema wapi, fulani hakuzaa. Vijana wanawacheka, wanawaita wapelelezi wa maiti. Eufrasia ndiye anayeuliza, maana ana namna yake ya kukaa mkekani na vikongwe, akachambua nao maharage mpaka wakasema hata yale ambayo hawakukusudia. Venansi ndiye anayeweka kichwani, na kichwa hicho anajivunia: mtajie babu yeyote, atakupa watoto wake wote na wake zake. Isipokuwa mmoja. Baba yake babu yao hana jina. Kila wanayemuuliza anafika kwa babu, anakohoa, anaomba maji. Sasa sauti ya Eufrasia inasikika upande wa pili wa ukuta, inacheka kidogo, inauliza, na Venansi anaisikiliza mpaka inaanza kutoka mbali, kisha inatoka chini, kisha ukuta unaacha kuwa nyuma ya mgongo wake naye anakwenda kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayelazwa.

Yuko barabarani. Ni barabara ya udongo mwekundu inayokwenda mbele, na akigeuka, huko nako inakwenda mbele. Eufrasia yuko pembeni yake, amejifunga khanga kiunoni kama mtu wa safari, wala hashangai. Twende, mdogo wangu, anasema, tumeambiwa ni huku. Tumeambiwa na nani? Na huyu hapa. Na kweli kuna mtu katikati ya njia, mrefu, kaweka fimbo begani, na mahali pa uso pana ngozi tupu iliyopauka kama kisigino. Anacheka ingawa hana pa kuchekea. Karibuni watumwa wangu, anasema, na huyu mke wangu mmemleta wenyewe, ahsanteni. Venansi anaujua mtindo huo. Huyu ni mtani, Mngoni, wa wale ambao babu zao walipigana na babu za Wahehe mpaka pande zote zikachoka, wakabaki kutukanana kwa furaha. Ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kusema lolote msibani, na Mhehe akimkasirikia amevunja heshima. Basi anamjibu inavyopasa. Kumbe na huku mmefika, nyinyi mliokimbia kutoka kusini mpaka nyayo zikaisha? Zikaisha, anasema mtani, tukavaa zenu. Unamtafuta nani? Baba yake babu. Nitampata wapi? Utampata pale unapomwacha kila ukifika, anasema mtani, naye anageuka kuongoza, na mgongo wake unafanana kabisa na mbele yake, kiasi kwamba Venansi hana hakika kama anawaongoza au anawatazama.

Wanaingia katika mji ambao kila nyumba inatazamana na pacha wake ng'ambo ya njia, kama mji mzima umewekewa kioo. Kila nyumba ina msiba, na kila msiba ni ule ule, wa baba yao. Venansi anajiona, kijana aliyenyolewa upara, anagawa maji kwa mkono wa kulia, na ng'ambo anajiona tena akigawa kwa mkono wa kushoto. Waombolezaji wamekaa wameupa mgongo mlango. Anawatambua kwa mabega tu, naye anashindwa kujizuia, anawataja. Yule ni baba mdogo Petri, yule ni shangazi Kolumba, yule mke wa pili wa Petri. Kila anayetajwa anageuza kichwa. Usiwataje, Vena, anasema Eufrasia. Kwa nini? Wanainuka. Na kweli wanainuka, wanakung'uta nguo, wanawafuata. Mji umekwisha bila wao kutoka, mwingine umeanza, huu ni wa msiba wa babu, na hapa nyuso ni chache: wale ambao Venansi anajua habari zao nyingi wana macho, wale anaojua majina yao tu wana mdomo basi. Mdomo wake unawataja bila ruhusa yake, kama mlevi anayesalimia kila mtu, na nyuma yao vishindo vya miguu vinazidi kuwa vingi. Mbona umenyamaza, mtumwa wangu? anauliza mtani. Sijanyamaza. Umenyamaza, anasema mtani, ni wao wanaokusema.

Mji wa mwisho una nyumba moja na kivuli chake. Uani kuna kaburi lililo wazi, na kando yake kuna mtu aliyeviringishwa mkekani, mwembamba, kama anasubiri zamu. Mtani anatupa fimbo, anaruka ndani ya kaburi, analala chali, anakunja mikono kifuani. Sitoki, anasema. Hili nalo Venansi amelishuhudia mara nyingi: mtani akiingia kaburini hatoki mpaka apewe kitu, kuku au shati, na watu wote hucheka hata wafiwa. Anavua koti lake. Chukua, utoke, mtu azikwe. Koti la nini, anasema mtani, huku chini hakuna baridi. Nipe jina la mtu anayepumua, nami nikupe la huyu wa mkekani. Hakuna anayecheka. Eufrasia anamshika Venansi mkono, anamvuta. Tuondoke, anasema. Tuliache, dada? Tumelitafuta mpaka tumezeeka. Tuliache, anasema Eufrasia, mimi shida yangu haikuwa jina, mimi nilipenda kutembea na wewe. Venansi anamsikia, lakini anautazama ule mkeka. Anawaza, nitatoa langu. Nimeshakula chumvi ya kutosha, na jina ni pumzi tu. Anafumba macho, anafungua mdomo, na kwa kuwa mdomo wake haujazoea kuanzia katikati, unaanzia pale unapoanzia siku zote: unamtaja babu, unamtaja baba, unashuka kwa watoto kwa kufuata kuzaliwa, na mtoto wa kwanza wa baba ni Eufrasia. Limetosha, anasema mtani.

Anapofumbua macho, mtani amesimama juu, anajikung'uta vumbi. Eufrasia ndiye aliyelala chini. Halii. Anamtazama mdogo wake kwa uso ambao umeanza kufutika kutoka juu, paji la uso kwanza, kama unga unaofutwa mezani. Na wakati huo huo jina linamwingia Venansi sikioni. Ni jina fupi, zuri. Linaingia mahali pake, na ukoo mzima unasimama wima kichwani mwake, mzima, bila pengo, naye anafurahi. Hapo ndipo hofu inapomshika kweli: kwa sababu amefurahi. Anapiga magoti, anasema, mtani wangu, nirudishie dada. Aliyepewa mtani harudi, anasema mtani, labda na wewe urudishe langu. Nalirudishaje? Halikuingia kwa mkono. Lisahau. Venansi anajaribu, na kichwa ambacho hakijawahi kuangusha kitu kinalishikilia kama mtoto aliyeshika ziwa. Nyusi za Eufrasia hazipo. Analaani, anapiga ardhi ngumi. Hasira hizo, Mhehe, anasema mtani, ndizo zinazolikaza. Basi anaanza kutupa vyote vilivyolizunguka. Anamtupa baba mdogo Petri, anamtupa Kolumba, anatupa wake na watoto, na kila anayetupwa, mmoja wa wale waliosimama nyuma yake anakaa chini kwa kishindo. Macho ya Eufrasia yanafifia. Anamtupa babu. Anamtupa baba, huku analia kama ambavyo hakuwahi kumlilia. Ndani ya kichwa kumekuwa giza, na katika giza hilo yamebaki majina mawili tu, moja la yule wa mkekani, moja la dada yake, naye anayapapasa yote mawili na hawezi kujua lipi ni lipi. Harakisha, shemeji, anasema mtani kwa upole. Venansi anakamata moja. Analitupa.

Vena. Vena, amka. Jua la ukutani linamchoma, ulanzi umemwagika mapajani, na mwanamke mwenye mikono mibichi inayonuka maharage anamtikisa bega. Ana uso wote. Ana macho, ana nyusi, anacheka kwa kunong'ona, kama anavyocheka kila akipata kitu ambacho mdogo wake hajakipata. Umelala kama gogo, anasema, unakosa mambo. Yule bibi wa pale mlangoni anamjua baba yake babu, kamtaja mwenyewe bila kuulizwa. Nimelipata, mdogo wangu. Venansi anataka kumwita jina lake ili anyamaze. Mdomo unafunguka, hautoi kitu. Labda ni usingizi tu, bado uko ulimini. Ndani ya nyumba vilio vimepanda ghafla, na anamuuliza, dada, nani amekufa hapa? Mimi nitajuaje, anasema dada yake, sisi si tumekuja kuulizia waliokufa zamani? Sikiliza kwanza. Anainama kwenye sikio lake. Venansi anawaza kwamba likiwa jina geni, basi alitupa lile, na huyu ni dada yake na hii ndiyo dunia. Na likiwa analijua, basi aliyemtupa ni huyu? Anainua mkono, anamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka khanga inamtoka dada yake kichwani. Usiseme, anasema, nakuomba, usiseme. Dada yake anadhani ni utani. Chini ya kiganja midomo yake yenye joto inaendelea kusema, taratibu, inalirudia, na kiganja kinaanza kuelewa.