Gari Lililochelewa Kuitika

Habari hii nilipewa na Martha, mwaka jana wakati wa kupura maharage, alipotoka Muyinga kuja kutusaidia huku Makebuko. Martha ni dada mkubwa wa Emerensiana, na Emerensiana alimweleza yote siku ileile yalipotokea, kabla hata hajanawa vumbi la njia miguuni. Tulikuwa tumekaa juu ya mkeka, Martha akipeta na mimi nikiokota mawe, na kila alipofika mahali pabaya ungo ulikuwa unasimama.

Emerensiana, mama yake Ursula, ni mke wa Leonardi, fundi wa magari wa mtaa wa Yoba, mjini Gitega. Wote wawili walikulia Tanzania, kambini, wakarudi wakiwa watu wazima na Kiswahili kimenyooka, mpaka majirani wakawaita Watanzania. Leonardi ni fundi mzuri, ila ana udhaifu mmoja: hajui kumkatalia mtu. Ukimwomba jambo baya anakueleza ubaya wake vizuri sana, kisha analifanya.

Basi alikuwapo Cubaka, Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza vitenge, mtu wa vicheko, baba yake Raissa. Cubaka alinunua gari la mbio, jekundu, la milango miwili, limelala chini hata mbuzi akipita mbele yake dereva anamwona tumbo. Mdogo wake Joséphine alikuwa anaolewa Muyinga Jumamosi, na Cubaka alitaka bibi harusi aongoze msafara ndani ya gari hilo. Lakini lilikuwa na turbo ndogo, na yeye akasema ndogo ni ya wazee. Akaleta nyingine kubwa, nzito kama jiwe la kusagia.

Jioni moja Emerensiana aliwasikia wanabishana pale garaji.

"Papa Raissa, nisikilize," Leonardi alisema. "Turbo ni gurudumu linalozungushwa na moshi wa injini, nalo linaipulizia injini hewa. Gurudumu dogo ni kama mtoto: ukimwita anaitika palepale, ila gunia hawezi kulibeba. Hili kubwa ni kama mwanamume mzito aliyelala. Unaita, kimya. Unaita tena, kimya. Halafu anakurupuka na nguvu zake zote, na wewe uko mlangoni. Nikuwekee ya katikati, inayoitika mapema na bado ina nguvu."

"Ya katikati ni ya mu-taximan," Cubaka akasema. "Mi nataka ile yenye kufanya watu wa Muyinga washike kichwa. We funga tu, fundi. Ntakibazo, hakuna shida."

Na Leonardi akafunga. Ila akafanya ujanja mmoja: kuna kilango kinachotoa moshi wa ziada ili turbo isipitilize, na kilango hicho kina skrubu. Akailegeza, ili mwanamume mzito asiamke na hasira zake zote. Akamwambia Cubaka ukweli, akamwomba asiiguse, akasema Ijumaa watakwenda pamoja mpaka Muyinga alisikilize gari njiani.

Ijumaa ilipofika Leonardi alikuwa kitandani na malaria, anatetemeka chini ya mablanketi. Emerensiana alikuwa anakwenda Muyinga kwa Martha, na nafasi ilikuwapo. Leonardi akamshika mkono.

"Mama Ursula, mikono yangu imo mle ndani. Likiua mtu, nimeua mimi. Mwambie mambo mawili. Asikanyage mafuta kwenye kona. Asubiri njia inyooke. Na akimaliza kupanda mlima asizime injini, aiache ingurume polepole ipoe. Akiizima turbo ikiwa nyekundu, oili inaungua mle mle, inakuwa masizi."

"Na asiponisikia?"

Leonardi alivuta blanketi mpaka kidevuni.

Waliondoka asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mwanzoni Emerensiana karibu afurahie. Kiti kilimkumbatia kama mtoto wa mgongoni, na Cubaka alikuwa anaimba. Lakini walipoanza kupanda baada ya mto Ruvubu akasikia mluzi. Ulianza chini, mwembamba, kama chai inayokaribia kuchemka, ukapanda, ukapanda, na ulipofika juu gari likaruka mbele na shingo yake ikabaki nyuma.

"Umesikia?" Cubaka akauliza. "Huyo ameamka!"

Walipofika kileleni Cubaka akazungusha ufunguo. Injini ikanyamaza. Gari likaanza kuteremka lenyewe, bila sauti, upepo tu.

Sasa hapa msomaji wa mbali aelewe. Miaka hii petroli ni ya kuitafuta kama dawa, na madereva wetu wamejifunza kuzima injini kila wanapofika juu ya mlima, gari literemke bure, kisha kuwasha tena chini. Wa basi wanafanya, wa pikipiki wanafanya, hata padri anafanya. Ni mazoea yaliyoingia mikononi. Mtu hajui tena kwamba anayafanya.

"Papa Raissa, Leonardi amesema tusizime."

"Mama Ursula, essence iko wapi? We umeona station gani iko na essence tangu tutoke Gitega? Kama Leonardi iko nayo kitandani kwake, anitumie."

"Amesema oili itaungua."

"Iungue, tutanunua ingine. Oili iko, essence ndiyo haiko."

Akacheka, na ukweli Emerensiana naye alicheka kidogo. Lakini alimwona akikanyaga breki kwenye kona, na mguu ule ulikuwa unasukuma kama mtu anayesukuma ukuta. Injini ikiwa imezimwa breki inakuwa ngumu. Hilo alilijua, kwani miaka yote amelala pembeni ya mtu anayeongea magari usingizini.

Wakapanda tena, mluzi ukapanda. Wakafika juu, akazima. Hivyo hivyo mpaka Karuzi, hivyo hivyo kupita Karuzi. Na kila mlima mluzi ulibadilika. Ukawa na mkwaruzo ndani yake, kama kisu kinachonolewa. Harufu nayo ikaingia, ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Kwenye mlima mmoja walilikuta lori linapanda polepole, na nyuma yake vijana watatu wameshikilia, kila mmoja juu ya baiskeli yake, wanavutwa bure kama kawaida yao. Cubaka akatoka upande wa kushoto, kwani huku tunaendesha kulia, alipite. Akakanyaga. Kimya. Gari likabaki pembeni ya lori kama limefungwa kamba. Juu, kwenye kona, basi dogo likatokea.

"Rudi nyuma," Emerensiana akasema.

"Inakuja, inakuja..."

Ikaja. Ilikuja yote kwa mara moja, na gari likapinda mkia, likapita mbele ya lori na basi likawapita na honi ndefu. Emerensiana aligeuka. Kijana mmoja alikuwa ameachia lori, yuko mtaroni na baiskeli juu yake, anainua ngumi. Alimshukuru Mungu kwa ile ngumi.

"Leonardi alilegeza skrubu," alisema, na sauti haikuwa yake. "Haipaswi kuja hivi."

Cubaka akafuta jasho. Kisha akatabasamu kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Ile vis? Mi niliikaza jana, mama. Niliikaza mpaka mwisho. Bon, nguvu haikuwa inatosha."

Tangu hapo, Martha anasema, mdogo wake hakuona tena njia. Aliona Joséphine kesho yake, na shela, na maua, amekaa kwenye kiti kile kile. Na Leonardi chini ya mablanketi, anasubiri simu. Gari halikuwa tena kama mumewe alivyoliacha, lakini nani atajua? Watu wataulizana nani aliifunga turbo, na jibu ni moja.

Karibu na Muyinga kuna mlima mrefu wenye mikaratusi. Walipoupanda, moshi wa bluu ulikuwa unawafuata.

"Simama hapo juu," Emerensiana akasema. "Nimebanwa."

Cubaka akasimama. Emerensiana akachukua mkoba wake, kanga yake, hata chupa yake ya maji, akafunga mlango na kusimama pembeni ya njia.

"Haja gani hiyo ya kwenda nayo na mizigo?"

"Sipandi tena, Papa Raissa. Na wewe shuka. Nipe ufunguo, tutafute wa kulivuta."

"Eh! Bibi ya fundi anaogopa kazi ya bwana yake! Nikamwambie hivyo?"

"Mwambie. Mimi nitamwambia la skrubu."

Kicheko kikamtoka Cubaka usoni. Alimtazama kidogo, na Emerensiana alifikiri atashuka. Akasogea, akapitisha mkono dirishani kuutafuta ufunguo. Cubaka akaufunika kwa kiganja, bila ukali, kama unavyomzuia mtoto asiguse moto.

"Dada yangu ananingojea, Mama Ursula. Nilimwahidia gari. Siwezi kuingia Muyinga na kamba mbele kama ng'ombe."

Akazima injini, ikiwa inaunguza, akaachia breki. Gari likaondoka bila sauti, jekundu, likazama nyuma ya mikaratusi.

Emerensiana alisimama akisikiliza. Chini kule kulikuwa na kona, na baada ya kona njia inapanda tena. Akiiwasha na kupanda, mluzi utasikika. Alisubiri. Mama mmoja mwenye jembe alipita, akamsalimia, hakuitika. Upepo ulikuwa umetulia hata majani hayakusema kitu.

Ndipo mluzi ukaja. Haukuanza chini kama siku zote. Ulipanda ghafla, ukawa kama mtu anayepiga yowe, ukakatika. Baada yake ukaja mshindo mmoja, si mkubwa, kama gunia lililoangushwa toka mgongoni.

Mama wa jembe akaweka jembe chini. Wote wawili wakakimbia.

Kwenye kona ndizi zilikuwa zimetapakaa njia nzima, za kijani, na baiskeli mbili zimelala. Wenye baiskeli walikuwa hai, wamekaa ukingoni, mmoja anacheka na kulia kwa pamoja. Waliruka. Gari lilikuwa chini, katikati ya kahawa, tumbo juu, magurudumu hewani. Watu wa shambani walikuwa wameshamtoa Cubaka. Mguu wake ulielekea mahali ambapo mguu hauelekei.

"Breki ilikuwa mawe," alimwambia Emerensiana, midomo myeupe. "Nikaiwasha nizunguke wale. Niliita, haikuitika. Halafu kwenye kona..."

"Nyamaza, Papa Raissa."

Watu wa kilima kile wana chama chao cha machela, kama vilima vyetu vyote. Anayeugua anabebwa na majirani wenyewe, zamu kwa zamu. Hawakuuliza Mkongomani ni nani. Wanaume wanne wakamnyanyua mabegani, wengine wanne wakatembea pembeni kungoja zamu, na Emerensiana nyuma yao na mkoba wake, mpaka hospitali.

Joséphine alikuja mbio, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, akaangukia kitanda cha kaka yake. Kesho yake alipelekwa kanisani na gari la mjomba wa bwana harusi, kuukuu, linaloitika haraka na kupanda polepole.

Lakini mchana ule, kabla ya sindano kumshika, Cubaka alimwita Emerensiana karibu. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Mwambie Leonardi asiuze ile nafasi yangu ya garaji. Gari tutainyoosha. Safari hii nitaleta kubwa zaidi, na vis ataikaza yeye mwenyewe, anajua kipimo."

Emerensiana alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Sindano ikamshika na tabasamu bado liko mdomoni.

Jioni haijaingia, akiwa kwa Martha, simu ya Leonardi ikaingia. Alimweleza kila kitu, skrubu, ufunguo, kona.

"Skrubu aliikaza yeye," Emerensiana akarudia.

"Na turbo niliifunga mimi. Sasa anasema nini?"

"Anataka kubwa zaidi. Anasema utafunga wewe."

Kimya. Martha, aliyekuwa amekaa karibu, anasema kimya kile ndicho kilichomtisha kuliko gari lenyewe, kwa sababu mtu wa kukataa angekuwa ameshakataa.

"Wewe umemjibu nini?" Leonardi akauliza.

"Nitamjibu akiamka. Nitamwambia fundi wake amekufa."

"Mama we! Usiniite maiti, na homa hii."

"Basi mwambie hapana wewe mwenyewe, nikusikie. Sema."

Alimsikia akigeuka kitandani. Alimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kusema. Kisha pumzi zikawa ndefu, za kusawazika, za mtu ambaye dawa imemzidi, na lile neno halikutoka.

Emerensiana aliiweka simu kifuani bila kuikata, apate kumsikia mumewe akiamka. Martha alimvua viatu. Jua lilikuwa bado ukutani alipolala.