Sili ya Mwisho

Binti yetu wa kwanza aliteleza kwenye oili barazani, akateguka mguu, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Oili ilikuwa ya pikipiki kuukuu ya baba yake, ambayo kwa umri inamzidi binti mwenyewe. Alipopona akaweka sharti. Jumamosi angetandika kitambaa cheupe chini ya injini, na injini ingewashwa robo saa. Likidondoka tone moja, Jumatatu mnunuzi wa chuma chakavu anakuja na mkokoteni kuichukua.

Mume wangu chakula cha mchana alikiacha nusu, na mtu huyo huwa hasazi. Tangu astaafu kazi ya kutunza stoo, pikipiki ndiyo ofisi yake. Kila asubuhi hunyoa ndevu, huvaa shati la vifungo, kisha hutoka kwenda barazani, hatua sita. Pikipiki ikiondoka, sijui atanyoa ndevu za kwenda wapi.

Oili ilivuja penye sili, yaani ile pete ya mpira inayokaa pale shafti inapotoka nje ya injini kwenda kuzungusha mnyororo. Ina mdomo mwembamba wa kubana shafti, na springi nyembamba kama uzi iliyouzunguka mdomo huo. Muuza spea alipekua makopo yake nusu siku nzima kwa ajili ya Mzee wangu, akapata tatu za saizi hiyo. Akampa zote, akamwambia baada ya hizo asihangaike kurudi, kiwanda chenyewe kilishakufa.

Ya kwanza Mzee aliigonga kwa nyundo upande mmoja, kama anayepigilia msumari. Ikaingia kiupande, ikapasuka. Akasema ilikuwa mbovu tangu dukani.

Ya pili ilikaa sawa, nami nikampongeza. Fundi pikipiki, jirani yetu, akapita kutuamkia, akachungulia. Springi ilikuwa nje, inatutazama. Mzee akaeleza kwamba ameiweka hivyo makusudi ili aione siku itakapokatika. Miaka thelathini ya stoo ilimfundisha kwamba kitu usichokiona kimeshaibiwa. Fundi hakucheka. Alisimulia tu kwamba yeye alipokuwa anajifunza aliwahi kuigeuza vivyo hivyo, oili yote ikaishia kwenye suruali ya mwalimu wake, ndipo akajua kwamba springi hutazama ndani, kwenye oili. Sidhani kama kisa hicho kiliwahi kutokea. Kijana yule ana adabu.

Katika kuitoa, ikachanika. Ikabaki moja.

Ijumaa Mzee aliikalia ile moja kama kuku anayeatamia. Anaipeleka hadi kwenye shafti, anairudisha. Shafti ina meno makali, na sili lazima iyapite ndipo ifike mahali pake. Mdomo ukikwaruzwa, kazi imekwisha. Akaificha mikono kwapani. Akadai ni baridi, na jua lilikuwa la saa saba mchana.

"Njoo uniangalizie," akaniambia. "Usiguse."

Nikaangalia, nikaona jambo ninalolijua. Mkono ukinenepa, bangili haiingii kwa nguvu. Unavaa mfuko laini wa nailoni mkononi, unapaka mafuta, bangili inateleza juu yake, halafu unauvuta mfuko taratibu. Nikamweleza. Akasema hata yeye mawazo yake yalikuwa yanaelekea hukohuko, ila yalikuwa hayajafika.

"Basi mfuko wenyewe huu hapa," nikasema. "Najua ulikuwa unautafuta."

Tukayafunika meno kwa nailoni, tukapaka grisi kwenye mdomo wa sili. Mara mbili akaniuliza springi inatazama wapi. Ikapita bila kulalamika. Kisha akaegemeza kipande cha bomba chenye upana uleule, akagonga huku kidogo, kule kidogo, kama anayembembeleza mtoto alale. Ikakaa.

Jumamosi binti alikuja na kitambaa alichokipiga pasi. Fundi naye akatokea, eti anatafuta spana yake. Injini iliwaka kwa teke la tatu, ikakohoa moshi, ikatulia. Binti akakaa kwenye kigoda, saa mkononi. Mzee hakuweza kutazama. Alikwenda mbele akawa anafuta taa iliyokwisha kufutwa.

Dakika ya kumi na mbili likadondoka tone. Moja tu, dogo kama punje ya mtama. Nililiona, fundi aliliona, binti aliliona. Fundi akafungua mdomo, pengine aseme ni grisi iliyoyeyuka, akaufunga.

Binti akasogeza kigoda mbele. Kiatu chake kikatua juu ya kitambaa, juu ya tone.

Muda ulipokwisha Mzee akazima injini, akainama kwa shida, akakikagua kitambaa toka ncha hadi ncha.

"Hicho kiatu kinanichafulia ushahidi."

"Nimekaa vizuri hivi, baba. Usinisogeze."

"Lakini pakavu?"

"Pakavu, baba."

Mzee akamgeukia fundi, akaanza kumfundisha siri ya mfuko wa nailoni, jinsi alivyoigundua mwenyewe. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akauliza na maswali. Mimi nikaenda kuchemsha chai. Binti alinywa yake palepale kwenye kigoda, vikombe viwili, bila kuinua mguu.