Matofali ya Ndila

Mimi na Ndila tulinunua ploti mbili zilizoshikana, huko mbele ya Thika, kupitia kikundi cha wajane wa kanisa letu la Ruiru. Mimi nilihamia kwangu nikaweka chumba cha mabati cha kungojea tu, kwa sababu mwanangu Kiama aliniahidi nyumba ya mawe. Aliichora kwa karatasi, vyumba vitatu na sebule. Nimengoja miaka sita. Ndila hana kijana, ana Carolyne peke yake, aliyeolewa Kahawa Wendani. Kwa hivyo kila nilipomwombea Ndila, nilimwombea kama mtu aliye chini yangu.

Mwaka huu alikuja kutoka Ruiru na mashine ya kuvuta kwa mkono, ile inayokandamiza udongo na simiti kidogo mpaka linatoka tofali.

“Unajenga nini?” nikamuuliza.

“Kanyumba. Futi kumi kwa kumi na mbili.”

“Na nani?”

“Na hii mikono. Mungu alinipa miwili, Mama Kiama, hakuniambia ningoje mingine.”

Nilicheka, lakini lile neno lilinikaa moyoni.

Alilala kwangu wiki mbili. Asubuhi anachunga udongo kwa waya, mchana anavuta mashine, jioni ananichekesha kwa hadithi za soko la Ruiru. Mimi nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe, macho yakiwa kwake. Yale matofali yalitoka na kingo safi kama mkate wa duka. Aliyapanga, akayafunika na magunia. Niliyatazama nikasema asante Bwana kwa mdomo. Moyo haukusema kitu.

Ndipo Carolyne akajifungua. Ndila akaenda kwake kumsaidia, akaniachia kazi.

“Maji asubuhi na jioni, siku saba, Mama Kiama. Simiti ikikosa maji inakauka bila kushika. Nisingemwachia mwingine.”

Nikamwagilia Jumapili, nikamwagilia Jumatatu. Jumanne akapita Nzioka wa bodaboda, akasimamisha pikipiki.

“Mama, huyu wa jana jana ataingia nyumba yake kabla yako?”

“Yangu inakuja.”

“Inakuja na nini, na ile treni ya Ruiru? Au bado iko kwa karatasi?”

Alicheka akaenda zake. Mtungi ulikuwa mkononi. Nikaupitisha kando ya matofali nikaenda kumwagilia sukuma wiki yangu. Jioni vile vile. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, vile vile, na jua la mwezi wa pili mnalijua. Niliomba kila asubuhi kama kawaida, lakini hilo sikuliweka katika maombi.

Jumamosi, kabla Ndila hajafika, niliyalowesha magunia.

Alifika, akayagusa, akanikumbatia. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema Mungu amempa jirani aliyemtekea maji siku saba kama dada wa tumbo moja. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega. Nilitazama viatu vyangu.

Jumatatu akaanza kupanga ukuta. Alipokwenda kuchota maji, nilisogea nikakwaruza tofali la pembeni kwa ukucha. Likatoka unga. Mvua za Machi zilikuwa karibu, na Ndila angelala humo peke yake, kitanda kikigusa ukuta huo.

Nilimngoja aweke mtungi chini.

“Mama Caro, usiendelee. Matofali hayakupata maji.”

“Hayakupata vipi?”

“Nilimwagilia siku mbili. Nne niliacha.”

Akachukua tofali moja, akaliinua mpaka kifuani, akaliachilia. Likapasuka vipande.

“Ulikuwa mgonjwa?”

“Hapana.”

“Na magunia? Niliyakuta na maji.”

“Niliyalowesha Jumamosi asubuhi.”

Hapo ndipo alipoketi. “Kuchoka ningekuelewa,” akasema. “Hata kusahau. Lakini magunia, Mama Kiama. Hayo uliyafikiria.”

“Nilikuonea wivu.”

“Wivu wa nini? Wewe uko na kijana.”

“Niko na karatasi.”

Hakunionea huruma. Aliangusha matofali moja moja mpaka jua likasogea, mazima upande huu, yaliyovunjika upande ule. Ya upande ule yalikuwa mengi kuliko ya huu. Kisha akafunga leso kiunoni.

“Jumapili utasimama pale niliposimama mimi. Kesho utavuta mashine.”

Usiku huo hakulala kwangu. Alivuka barabara akaomba mahali pa kulala kwa jirani yetu Kaveke.

Nilivuta mashine siku tano. Mpini wake ni mzito, unauvuta mpaka kiuno kinalia, na nikajua Ndila aliuvuta wiki mbili bila kulia. Jumapili nilisimama. Hakuna aliyepiga makofi, na mama wa nyuma yangu hakunigusa.

Sasa ukuta umefika madirishani. Nisidanganye, kuna asubuhi natoka nje, nauona, na kitu kinanichoma palepale pa zamani. Siku hizi namtajia Mungu kitu hicho kabla ya chai, kwa jina lake: wivu, wa Ndila, wa nyumba. Ndila anaongea nami vizuri. Ananiita nishike kamba upande ule tupime ukuta, nami naishika. Lakini matofali mapya anayatilia maji mwenyewe, asubuhi na jioni, akitoka kwa Kaveke na mtungi wake, na anapita mlangoni pangu akinisalimia.