Bibi, Geti na Mpira wa Njano

Bibi alianza kupiga honi tangu kona ya mtaa, na gereji nzima ikajua nani anakuja. Hakuwa mtu wa kufika kimyakimya. Alikuwa mkunga mstaafu, sauti yake imezoea kuamrisha watu wasukume, na hata honi ya kigari chake cheupe ilikuwa imejifunza kutoka kwake.

"Mke mwenzangu yuko wapi?" aliuliza kabla hajazima injini.

Mke mwenza huyo alikuwa mjukuu wake, mtoto wa bintiye, fundi rangi ambaye wenzake walimpachika jina la Msasa kwa sababu akianza kusugua kitu hakiachi mpaka kikubali. Alitoka mbio kwenye chumba cha kupulizia rangi, barakoa ikining'inia shingoni. Bibi haendeshi kwa kasi hivyo ila kukiwa na dharura.

"Nani anajifungua?"

"Hajifungui mtu! Ni mimi nataka kunyang'anywa funguo!"

Mambo yalikuwa hivi. Geti la nyumbani kwa Bibi ni jembamba na nguzo zake zinatupa kivuli kizito. Gari lina ule ukanda wa mpira mweusi unaozunguka bampa na kupita ubavuni, na ukishaingia kivulini hauonekani tena kwenye kioo cha pembeni. Bibi anabaki kukisia gari lake linaishia wapi. Alikwaruza nguzo, akakwaruza tena, na jana mwanawe mkubwa, mjomba wake Msasa, dereva wa lori mwenye majivuno marefu kuliko tela lake, aligonga meza akatangaza sheria mbele ya familia: "Atakayegusa hilo geti tena, awe nani awe nani, ataweka funguo hapa mezani!" Na kesho mchana angekuja kushuhudia kwa macho yake.

"Macho yako je, Bibi?"

"Daktari kanipima, kasema kwa miwani hii namwona hata mbu akipiga miayo. Shida ni huo weusi. Nipakie njano, mwanangu. Njano ya kiini cha yai. Nikiuona ukingo, sigongi."

Msasa alipiga makofi. Wazo zuri namna hiyo, na yeye fundi hakulifikiria! Alimpenda bibi yake hadi basi. Isitoshe, yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilihili, njiani, Bibi akiwa ameegesha kando ya barabara. Funguo zile zikichukuliwa, Bibi atakaa kibarazani kusubiri kupelekwa, na Bibi na kusubiri ni paka na maji.

Kazi yenyewe ilikuwa na ujanja wake. Bati limetulia, lakini mpira unapinda, na rangi ya kawaida ikikauka juu ya mpira hupasuka siku ya kwanza inapoguswa. Ipo dawa ya kuchanganya kwenye rangi ili nayo ijifunze kupinda. Msasa alikuwa na kopo lake, tena alikuwa akilitazama kwa hamu muda mrefu, ila hakuwahi kupata gari la kulijaribia. Mikono ilimwasha. Alifunika bati kwa magazeti na tepu, akaupitishia mpira kitambaa kikavu, maana uling'aa kwa usafi, akapuliza.

Rangi ikakataa. Ilijikusanya vitone vitone, ikaacha vishimo kila mahali, kama mpira umeisusa.

Msasa aliweka chini bomba la rangi. Akainama, akanusa.

"Bibi, huu mpira umeupaka nini?"

"Mimi? Nimeuosha tu."

"Bibi. Mficha uchi hazai."

Bibi alitazama juu, akatazama chini. Methali hiyo alikuwa amewachapa nayo wanawake wa mtaa mzima, na leo imemrudia mwenyewe.

"Mafuta ya nazi," alisema taratibu. "Kidogo tu. Sasa ulitaka nilete gari kwa fundi limepauka? Mtoto hapelekwi kwa daktari bila kuogeshwa na kupakwa mafuta!"

Msasa alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la gereji. Kosa lilikuwa la wote wawili: mmoja kwa mapenzi, mwingine kwa pupa. Akainuka, akafuta yote, akaosha mpira kwa sabuni, akaufuta mafuta yaliyobaki kwa tinna kidogokidogo, akausugua kwa msasa laini mpaka ukapoteza mng'aro. Bibi akashika ndoo, akapewa amri badala ya kutoa, na akatii. Kisha praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, kisha njano yenye dawa, tabaka jembamba juu ya jembamba. Pembeni Msasa alipaka kipande cha mpira chakavu rangi ileile, kikaanikwa juani, na kilipokauka alimkabidhi Bibi.

"Kamua."

Bibi alikikamua kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Alikizungusha, akakikunja, akakiachia. Kikanyooka. Hakuna hata ufa mmoja! Walishikana mikono wakaruka, mkunga na fundi, na mafundi wengine wakaacha spana zao kuwatazama.

Kesho yake Mjomba alikuwa amesimama getini, mikono kifuani, funguo za lori zikining'inia kidoleni. Bibi akaja. Njano iliwaka kivulini, ukingo mzima ukaonekana kwenye kioo hiki na kioo kile. Msasa alikodoa macho kando ya nguzo. Gari likapita katikati ya nguzo kama uzi kwenye tundu la sindano, likaingia, likasimama.

"Umebahatisha," Mjomba alisema. "Shuka nikuonyeshe linavyoingizwa."

Akalitoa nje, akalirudisha kwa mkono mmoja, shingo juu, kioo hakitazami.

*Kwiiii.*

Mpira ulibonyea kwenye nguzo. Mjomba akakanyaga breki. Msasa alikuwa ameshapiga magoti kando ya bampa. Mbele ya macho yake mpira ulijisukuma ukarudi mahali pake. Akafuta vumbi la nguzo kwa kidole, na chini yake njano ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Alipiga kigelegele, hakujali nani yumo ndani ya gari.

Mjomba alishuka polepole. Bibi alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja. Mwanawe akaweka humo funguo za gari.

Kiganja hakikufungwa.

"Na za lori, mwanangu," alisema Bibi. "Ulisema awe nani awe nani."