Baba Zima na Jenereta

Mimi nikiona waya lazima nijue unakoishia. Ndiyo tabia yangu, na anayeudhika na anune. Kwa hiyo fundi alipokuja kuijaribu jenereta aliyotufungia, niliacha vyombo vichafu kwenye karo nikamfuata kama mkia.

Fundi huyu tunamwita Polepole. Kabla hajagusa kitu alizunguka ua mzima. Alitazama bomba la moshi limeelekea wapi, akafunga dirisha la jikoni mwenyewe, akaingia ukumbini kubonyeza kile kidude cha ukutani kinacholia moshi wenye sumu ukiingia ndani. Kikalia. Akapima oili, akaifuta fimbo ya kupimia, akapima tena.

"Mbona unarudia?" nikamuuliza.

"Ya kwanza huwa inadanganya."

Kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Alikuja kama hakimu. Mama anaishi kwa mashine ya oksijeni; imo chumbani kando ya kitanda, inanguruma mchana na usiku, na umeme wa mtaa wetu ni wa kuja na kuondoka bila kuaga. Tulishakubaliana: jenereta ikifaulu, Mama anabaki kwake. Ikishindwa, anahamia kwa Kaka, ghorofani, jirani na hospitali. Begi lake la nguo lilikuwa tayari kwenye buti la gari. Mama hakutaka kwenda. Alisema wazi, "Nikitoka nyumba hii sirudi," na Baba akatoka nje ili tusimwone uso.

Baba tunamwita Baba Zima, ila si mbele yake. Kila jioni hupita chumba kwa chumba akizima: taa, redio, feni isiyopepea mtu, kila swichi ya ukutani yenye kataa kekundu. Ameshawahi kuzima pasi nikiwa nimeishika. "Kisichotumika kizimwe," ndiyo dini yake. Mashine ya Mama peke yake ndiyo aliyoisamehe, na Mama humtania, "Siku moja atapitiwa, anizime na mimi."

Nilidhani Polepole atabonyeza kitufe tu, iwake, tupige makofi. Akatikisa kichwa.

"Kuiwasha kwa kitufe si kuijaribu. Nitakata umeme kwenye swichi kuu, kama unavyokatika wenyewe. Yenyewe igundue, yenyewe iwake, yenyewe ijitwike nyumba. Lakini kwanza Mama ahamie kwenye mtungi wa oksijeni."

"Si ni dakika tu?" Kaka akasema.

"Hata kama. Hatujaribu kitu kwa pumzi ya mtu."

Nikamhamishia Mama mrija kwenye mtungi wa akiba, nikaangalia mshale wa kipimo chake, nikapaza sauti kwamba tuko tayari. Polepole akashusha swichi kuu.

Nyumba ikanyamaza. Friji ikakoroma mara ya mwisho. Mashine ya Mama ikapiga mlio wa kulalamika. Tukangoja. Uani ikasikika ka, ka, ka, halafu basi.

"Nilijua," Kaka akasema, wala hakusema kwa furaha. Polepole akarudisha umeme, nami nikamrudisha Mama kwenye mashine yake. Baba alikuwa ameshikilia fremu ya mlango.

Fundi akapima betri ya jenereta. Imekufa kabisa. "Kwa kuwa ni mpya, sikuipima kabla ya kuanza. Hilo kosa langu. Lakini siku naifunga ilikuwa nzima, na ina chaja yake inayoilisha muda wote. Sasa nani kainyima chakula?"

Hapo nikaufuata waya wa chaja. Ulipenya ukuta, ukaingia stoo, ukapita nyuma ya mafagio, ukaishia kwenye soketi. Swichi ya soketi ilikuwa imezimwa.

Mimi si mtu wa kukosa swali, lakini hilo sikuhitaji kuliuliza. Baba alikuwa nyuma yangu.

"Kulikuwa na kataa kekundu," akasema. "Nikajiuliza, nani anawasha kitu stoo?" Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye ndiye aliyetaka Mama abaki kuliko sisi sote, na kumbe kwa kidole chake mwenyewe alikuwa anamfungashia virago. Nilitaka kumgombeza. Nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia.

Polepole akakata umeme wa stoo, akaing'oa ile soketi, akauunga waya moja kwa moja na kuufunika kwa kifuniko kisicho na swichi. "Betri hii haitajaa leo," akasema. "Ya kujaribia naomba nyingine." Akaligeukia gari la Kaka.

"Betri yangu? Na nikitaka kuondoka?"

"Kwani nani kakufukuza?" Mama akadakia toka chumbani. Masikio ya Mama hayajawahi kuugua.

Kaka akafungua boneti akinung'unika. Betri ilipokaa vizuri nikamrudisha Mama kwenye mtungi, naye akasema, "Safari hii azime Mzee."

"Mkono huu umeshaharibu vya kutosha," Baba akasema.

"Ndio huohuo ninaoutaka. Umezima miaka yote, leo ndiyo unaogopa?"

Polepole akampisha. Baba akajifuta jasho mikononi, akashusha swichi kuu, akafumba macho.

Kimya. Kisha uani jenereta ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Kisanduku cha ukutani kinachobadilisha umeme kikagonga, taa zikarudi, friji ikaamka. Polepole akaniambia niwashe pasi, birika, feni zote. Jenereta ikalemewa kidogo, ikajikaza, ikatulia. Kidude cha ukumbini hakikulia. Tulipohakikisha mashine ya Mama inapuliza sawasawa ndipo akaruhusu aondolewe kwenye mtungi.

Kaka akatoka bila kuambiwa, akarudi na lile begi, akaanza kupanga nguo za Mama kabatini, vibaya.

Jioni Baba akaanza mzunguko wake. Nikamfuata, maana nilitaka kujua. Taa, redio, feni. Stoo akasimama, akapapasa mahali swichi ilipokuwa. Kisha akaingia chumbani.

"Umeshazima vyote?" Mama akauliza.

"Vyote."

"Na mimi je?"

Baba akamvutia blanketi. "Wewe bado unatumika," akasema, akaketi kando yake.